Majani Yaliyopigwa Pasi

Dada yangu alipiga pasi kila kitu. Mashuka, vitambaa vya kufutia vyombo, hata mifuko ya nailoni aliiwekea gazeti juu akaipitishia moto kidogo. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na cherehani yake iliwavisha maharusi na walimu wakuu. Kwa hiyo yeye na shemeji walipostaafu na kununua shamba lililokaa miaka bila mwenyewe, nilijua magugu yake yatanyooshwa. Sikujua tu kwamba yatanyooshwa kwa pasi.

Wengine wangeita watu wa kufyeka siku ya kwanza. Yeye alikataa katakata.

"Humfukuzi mpangaji ambaye hata jina lake hulijui," aliniambia. "Huenda ndiye anayekulisha."

Kila asubuhi alizunguka shambani na kikapu, akichuma jani hapa na jani pale, akiwauliza majirani majina. Akirudi alililaza jani kati ya vitambaa viwili, akalipiga pasi, kisha akalishonea kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani sebuleni. Chini yake alitarizi jina: uzi mwekundu kwa la kung'oa, wa kijani kwa la kula. Mbigili, ndago, mgagani, mchicha pori. Shuka lilipendeza, sisemi uongo. Kasoro yake hatukuiona: jani lililopigwa pasi halina harufu tena. Linabaki umbo, na maumbo hufanana.

Shemeji yangu alikuwa fundi saa. Mpole kupita kiasi. Maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda. Alikaa kwenye benchi la jikoni akifungua saa mbovu huku mkewe akimsimulia habari za magugu, na kila alichoambiwa alikubali. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini mimi nilikuwa nimechoka kuungoja mshindo wa shemeji.

Basi nikaalikwa chakula cha mchana, mboga ya kwanza kutoka shamba lao wenyewe. Nilichelewa, kama kawaida yangu. Dada alimpakulia mumewe, lakini mwenyewe akasema atanisubiri tule pamoja.

Nilipoingia jikoni nilimkuta shemeji kwenye benchi, sahani yake imeliwa ikaisha, anaokota kitu hewani. Vidole viwili, taratibu, anachukua, anaweka kwenye kisosi, anarudi kuchukua kingine.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Skrubu," akasema. "Zimemwagika."

Kisosi kilikuwa kitupu. Nikacheka, nikidhani hatimaye mzee ameamua kuwa na utani. Ndipo akainua macho. Mboni zilikuwa zimepanuka hadi rangi ya jicho ikapotea. Nikamgusa paji la uso, lilikuwa kavu na la moto kama sufuria. Nikageuka nimwite dada.

Dada akaja mwenyewe, ameshika sahani yangu. Shemeji alimtazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta kwenye foleni, kisha akasogea kumpisha.

"Karibu mama, kaa," alimwambia mkewe. Halafu akainama, akashusha sauti. "Samahani, unamfahamu mke wangu?"

Dada alinigeukia mimi.

"Mboga ya leo ilikuwa chungu," akaendelea. "Nimeimaliza. Tafadhali usimwambie. Ameihangaikia tangu asubuhi."

Sahani yangu ilianguka na kuvunjika. Katika maisha yangu yote sijasikia maneno yaliyonishtua kama yale, na hata hakuambiwa mimi.

Jirani alitupakia kwenye pikapu yake. Dada alibeba shuka, alilichomoa ukutani na misumari yake. Mimi nilibeba kikapu cha majani yaliyobaki. Hospitalini daktari alilitazama shuka, akakubali kwamba mchicha ule ni mchicha. Kisha akatoa kikapuni jani bichi, akalifikicha, akalinusa na kumpa dada. Harufu iliyotoka ilikuwa mbaya, nzito, hata mimi niliyesimama kando ilinifika.

"Huu ni mnanaha," alisema. "Ni sumu. Ukiwa mchanga unajificha kwenye mchicha. Amekula kiasi gani?"

"Sahani nzima," dada akasema. "Hakubakiza hata jani."

"Moyo wake unakwenda mbio mno. Tumeanza dawa. Tusubiri."

Tulikaa kwenye benchi la korido. Dada alilikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa na hasira, Mungu anisamehe, hasira na mgonjwa. Mtu gani anameza sumu kwa adabu? Nikamgeukia dada nimwambie hivyo, nikakuta machozi yanamtiririka kimya kimya.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani najua kupika."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimshika mkono, na ulikuwa wa baridi.

Kesho yake mchana shemeji aliuliza miwani yake iko wapi, kisha akamwita mkewe kwa jina. Hakukumbuka skrubu wala yule mama aliyempisha kwenye benchi. Dada hakumkumbusha, na mimi nikaambiwa kwa jicho nifunge mdomo.

Siku waliyorudi nyumbani dada alipika wali na mayai, vitu visivyo na jani. Shuka alilitia kwenye ndoo, tayari kwa kufuliwa. Alisema ataanza upya, na safari hii kila jani atalifikicha na kulinusa kwanza, asiyependa harufu ahame. Akaweka sahani mbele ya mumewe.

"Tamu sana," shemeji akasema.

Kijiko kilikuwa bado mezani, hakijaguswa. Dada alikitazama kijiko. Kisha akaivuta sahani upande wake, akachukua kijiko, akaonja kwanza yeye.