Ncha Nyeupe za Buti za Lorna Haugen

Kwa jina la Mola aiteremshaye mvua kwa kipimo chake, akayapa maji njia na samaki marejeo, habari hii inaanza.

Saa kumi na mbili asubuhi, kiza hakijaondoka, Lorna Haugen anasukuma mlango wa duka la zana za uvuvi mjini Forks, anajimiminia kahawa na kusimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani. Tangazo linasema mashua yake inauzwa. Si yeye aliyelibandika.

Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Mto Hoh umekuwa na rangi ya chai ya maziwa, Mto Bogachiel vivyo hivyo. Waongozaji watatu wa wavuvi wameketi dukani bila kazi, wateja wao wamekwisha kupigiwa simu wasije.

"Lorna, unakwenda kuvua au kuogelea?" anauliza mmoja wao, Wendell.

"Nakwenda kazini. Wewe kaa hapo, uzilinde hizo donati zisiibwe."

Lorna ana umri wa miaka sitini na mmoja, na kwa miaka thelathini na mitatu amewapeleka watu kumtafuta stilihedi, yule samaki wa jamii ya trauti aendaye kukulia baharini kisha akarejea kuzaa katika mto aliozaliwa. Siku moja ya kazi humpa dola mia tano na hamsini, mto ukiridhia. Majira ya baridi yaliyopita mto ulimnyima siku ishirini na sita. Mwezi Septemba kano ya bega lake la kulia ilikatika. Akapasuliwa, na mkono ukakaa kwenye kombeo wiki kumi na nne.

Katika wiki hizo ndipo mdogo wake, Dale, alipolibandika tangazo, akiamini dada yake hataweza tena kupiga makasia. Dale ndiye huihamisha pikapu na tela mpaka upande wa chini wa mto, safari inakoishia, dada yake apate kuitoa mashua majini. Mnunuzi kutoka Aberdeen atakuja Jumamosi.

"Ukifika chini leo bila kuvutwa na mtu, dada, sitasema neno tena," Dale anamwambia nje ya duka. "Ukikwama, Jumamosi mashua inaondoka."

"Umesema mwenyewe. Usije ukajifanya umesahau."

Abiria wa Lorna ni wawili: Emmett Pruitt, mzee wa miaka sabini na minane aliyekuwa akinoa misumeno kiwandani, na bintiye Colleen, dereva wa basi la shule. Huu ni mwezi wa Februari wa kumi na saba tangu waanze kuja pamoja, na hawajawahi kwenda na mwongozaji mwingine.

Lorna anawapeleka sehemu ya juu ya Mto Sol Duc, ambao husafika mapema kuliko jirani zake. Kabla ya kushusha mashua, anaingia majini hadi magotini na kuinamisha kichwa. Ncha za buti zake amezipaka rangi nyeupe. Asipoziona, hakuna safari, hata mteja angekuwa ametoka ng'ambo ya dunia.

Anazitazama kwa muda mrefu. Ziko pale, hafifu, mithili ya mbegu mbili za boga.

"Twendeni," anasema.

Sheria ya mto hairuhusu kuvua ukiwa ndani ya mashua. Mashua huchukua watu tu, na mvuvi hushuka ukingoni. Kwenye ukingo wa kwanza wa changarawe, Emmett anashuka na kwenda moja kwa moja hadi maji yanamfika mapajani, kama afanyavyo kila mwaka. Anatupa chambo mbali, katikati ya mto.

"Mzee, toka humo."

"Nilikuwa navua mto huu wewe bado unajifunza kufunga kamba za viatu."

"Na leo umesimama sebuleni kwao. Mto ukijaa, samaki hapiti katikati, mkondo unamchosha. Anapita hapo hapo ulipoweka miguu. Umewafukuza wote."

Colleen anacheka mpaka anashikilia fimbo ya kuvulia kwa mikono miwili. "Baba, hilo kosa umelifanya na mwaka juzi."

"Mwaka juzi nilikuwa na goti bovu."

"Goti bado unalo. Rudi nyuma."

Kwenye ukingo wa pili Lorna anamweka mzee nchi kavu, hatua mbili nyuma ya maji, katikati ya nyasi zilizolala. Anamwambia asitupe mbali kuliko urefu wa meza ya jikoni. Emmett ananung'unika kwamba hata paka wa bintiye angevua hivyo. Anatupa mara ya tisa, na fimbo inapinda.

Dakika kumi na mbili baadaye Colleen amepiga magoti majini, ameushika mkia wa samaki wa ratili kumi na moja, mweupe wa kutoka baharini, ubavuni ana wekundu kidogo. Ni samaki wa asili, si wa kufugwa, haruhusiwi hata kuinuliwa nje ya maji. Emmett anamgusa mgongoni kwa vidole viwili.

"Mwachilie, mwanangu," anasema. Colleen anafungua mkono.

Baada ya mwendo wa saa moja kuelekea chini, mto unageuka na kazi yenyewe inafika. Mwerezi mzima umeanguka usiku na kuziba mkono wa kushoto. Kulia imebaki njia nyembamba kati ya matawi na mwamba, na maji yote ya mto yanapita humo.

Lorna anaifunga mashua na kwenda kwa miguu kutazama. Anarudi na kuwaamuru abiria washuke wakatembee ukingoni.

"Sishuki," Emmett anasema. "Miaka kumi na saba sijashuka kwa kuogopa maji."

"Ndani ya mashua yangu mwenye amri ni mmoja, mzee. Shuka, au tulale hapa."

Mzee anashuka.

Lorna anaisukuma mashua majini peke yake. Mashua ya huku huendeshwa mwongozaji akitazama anakoelekea, akipiga makasia kinyume na mkondo ili kupunguza kasi. "Sipigani na mto," alikuwa amesema asubuhi. "Naucheleweshea uamuzi wake tu."

Tawi la kwanza linamkwaruza kofia. Anavuta, bega la kulia linagoma, anavuta tena. Mkia wa mashua unaanza kwenda kwenye mti. Hapo analiacha kasia la kulia kabisa, anavuta la kushoto kwa mikono miwili, na mashua inageuka polepole, inagusa mwamba kwa ubavu, kisha inatoka kwenye maji mapana.

Akiwa ukingoni Colleen ameshika bega la baba yake. Lorna anawapungia waje. Anatumia mkono wa kushoto.

Saa tisa alasiri Dale yuko chini na tela. Anautazama mkwaruzo mpya ubavuni mwa mashua, kisha anamtazama dada yake.

"Nani alikuvuta?"

"Waulize."

"Hakuna," anasema Emmett. "Sisi alitufukuza."

Dale anatimiza ahadi yake. Hasemi neno.

Dukani, Wendell na wenzake wangali wameketi. Lorna anabandua tangazo, analigeuza, na nyuma yake anaandika kwa kalamu ya kuazima: Pruitt, Februari ijayo, watu wawili. Analibandika palepale.

"Msimu ujao nataka kuanza mapema, Desemba," anasema, akijiwekea barafu begani. "Watu wananiuliza nitaacha lini. Nitaacha siku nitakapoingia kwenye maji safi nisizione ncha za buti zangu."

Mola awajalie pumzi wanaobaki mitoni, Lorna na ndugu yake, mzee na bintiye, awakutanishe tena Februari, na amfikishe kila arejeaye mahali alipozaliwa. Amina.