Filamu Aliyoionea Wivu Kaka Yangu

Jumapili ile tulipotazama filamu ya mtu mwenye uso ulioharibika, nilidhani kaka yangu atalia. Wapi! Aliona wivu.

Ilikuwa hadithi ya enzi za magari ya farasi, ya fundi saa ambaye ugonjwa ulikuwa umemla uso. Watu wa mji walijazana dirishani pake kumchungulia, wengine wakipanda juu ya ndoo. Mimi nilikuwa nimeshikwa na hasira, nikiwatukana hao watu kwenye televisheni kana kwamba wananisikia. Kaka akasema polepole, maana midomo yake haikufungana vizuri, "Huyo angalau wanataka kumwona. Mimi hata watoto wananiinamishia vichwa."

Miaka mingi kabla ya hapo, tangi la lori alilokuwa akichomelea ndilo lililomlipukia. Jicho moja lilifunikwa na ngozi, pua ikabaki matundu, mdomo ukavutwa kuelekea shingoni. Nilimchukua akaishi nami kwenye nyumba yangu ya kupanga Kitengela, na skafu haikumtoka usoni mgeni akibisha. Binti yake wa pekee alikuwa kwetu magharibi, akilelewa na mama yetu tangu hajaanza kutembea. Kila likizo mtoto aliomba kuja kumwona baba yake. Kila likizo kaka alisema bado.

Nikamuuliza ni watoto gani hao. Ndipo akanieleza kwamba alipotoka hospitali alienda Kisaju kununua maziwa kwa mzee mmoja Mmaasai. Watoto wa boma walimkimbilia, wakafika mbele yake, wakainamisha vichwa kimya. Wakakaa hivyo. Yeye akageuka akarudi bila maziwa, akijua wamekatazwa kumtazama. Kama watoto wa watu hawamwezi, wake atamwezaje?

Sikujua nicheke au nimpige kofi. Sisi watu wa magharibi tunapeana mkono hata na mtoto wa jana, na miaka yote hapa tulikuwa tunaishi sisi kwa sisi kwenye ploti za kupanga, ya majirani hatuyajui. Mimi nilijifunza desturi za Wamaasai kwa sababu nafanya kazi nao.

"Walikuwa wanakusalimia," nikamwambia. "Huku mtoto anakuletea kichwa umguse. Walikuwa wanangoja mkono wako."

Filamu iliisha na hakuna aliyejua imeishaje. Halafu akasema, "Mwambie aje shule zikifungwa."

Ee Mungu, nilivyofurahi! Alinituma nikanunue shuka la maua na kandambili za msichana, akabishana nami kuhusu saizi. Lakini mapafu yake hayakuwahi kupona ule moshi. Baridi ilipoingia kifua kilimbana, tukampeleka hospitali Kajiado, na shule zilipofungwa alikuwa mochari.

Binti alikuja na baba yetu mdogo na watu wa nyumbani, kumchukua baba yake akazikwe kwetu. Alikuwa amenipita kwa urefu. Jeneza lilikuwa na kioo upande wa uso, na baba mdogo alikuwa amekwisha kukifunika kitambaa cheupe. Alisema tumsitiri marehemu, watu wasimtazame.

Nilimheshimu mzee yule, lakini siku hiyo nilishindwa. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba kaka yangu amesitiriwa miaka na miaka, na mtoto wake hatapanda basi kabla hajamwona. Nikakitoa kile kitambaa kwa mkono wangu.

Wengine walipita haraka, macho chini. Binti alisimama. Alimtazama kuanzia paji la uso hadi kidevu, akarudia tena, mpaka baba mdogo akakohoa. Hakulia. Aligeuka kwangu akauliza kama ni uso huu tu ndio baba yake alikuwa anamficha miaka yote. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ningezoea, shangazi," akasema. "Ningezoea tu."