Springi za Kumshushia Mama Gari

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kunisalimu hapa Busia na stesheni wagoni yake, lile gari refu la nyuma pana analoendea kazini kila siku. Baada ya chai akanionyesha picha za springi kwenye simu. Anataka gari lilale chini, lipendeze. Akaniuliza kwa mzaha nimchagulie zipi. Nilizitazama mpaka chai yangu ikapoa, naye akadhani sielewi anachouliza. Rafiki yangu, naelewa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi baba yangu alipochagua springi za kushusha gari, wakati Mwingereza bado anatawala pande zote mbili za mpaka, na habari ile sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho.

Kwetu kulikuwa Bulumbi. Asubuhi zetu zilinuka moshi na samaki. Mama alianika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mimi nikifukuza kuku, na mchana tulisaga ufuta mpaka mafuta yakatutiririka vidoleni. Baba alikuwa na stesheni wagoni kuukuu aliyoinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Kila siku aliteremka Majanji kwa wavuvi, akapakia ngege na kamongo, akawapeleka Tororo kwa wafanyakazi wa reli. Kwa ajili ya mzigo huo alikuwa ameliongezea gari bapa za chuma kwenye springi, likasimama juu kama meza. Majirani walilisifu. Hakuna shimo lililolishinda.

Kisha mama akajifungua mtoto ambaye hakuishi, na baada ya hapo nyonga zake zikakataa kazi. Alitembea kwa kushika ukuta. Daktari wa hospitali ya Tororo aliagiza apelekwe kila Ijumaa akachomwe sindano na kunyooshwa miguu. Lakini gari lilikuwa juu mno kwake. Ikabidi wanaume wawili wa jirani waje wambebe, mmoja kwapani, mwingine magotini, na gomesi yake ikapanda mapajani mbele ya watu. Siku moja mmoja wao akacheka. Sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini mama aliporudi alilala akielekea ukutani, na Ijumaa iliyofuata hakutaka kuvaa.

"Sitabebwa tena kama gunia la pamba," alimwambia baba. "Niache hapa hapa."

Baba alichukua kamba ya katani, akamketisha mama kwenye kigoda, akapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Kesho yake akanichukua twende Tororo. Nilifurahi sana, sina haja ya kukudanganya. Nilikuwa naenda kuuona tena ule mwamba mkubwa wa mjini, na njiani ningenunuliwa mandazi.

Fundi alikuwa Mjopadhola aliyetengeneza malori ya jeshi huko Bama, ng'ambo ya bahari, wakati wa vita. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka, na sakafu yake ya udongo ilikuwa nyeusi kwa oili. Aliipima ile kamba kwenye mlango wa gari, akatikisa kichwa. Kiti hakitashuka kamwe mpaka kwenye fundo, alisema, ila anaweza kukaribia. Akatandaza gunia na kuweka vitu chini, na baba akachuchumaa mbele yake kama mtu anayechagua mbegu.

Kulikuwa na njia ya kuzitoa tu bapa zilizoongezwa. Gari lingeshuka kidogo, samaki wangeendelea kubebwa, lakini mama bado angehitaji kuinuliwa. Kulikuwa na vipande vya chuma vya kupachika kati ya ekseli na springi za nyuma, vifungwe kwa boliti ndefu, ili nyuma ishuke. Na kulikuwa na springi nyembamba za gari dogo lililopinduka barabara ya Nagongera, pamoja na shokapu zake fupi, zile zinazozuia gari lisirukeruke. Ukizitia hizo mbele, na vipande vile nyuma, gari lingelala chini kuliko yote. Fundi aliikanyaga springi moja kwa uzito wake wote ikainama kidogo, ili baba aone zilivyo laini. Alimwambia mzigo wa samaki utapungua nusu. Kisha akasema, pole pole, akimtazama usoni:

"Ndugu yangu, mimi iko fundi, nakufanyia unachotaka. Lakini gari hii nakwenda Majanji kila siku. Mvua ikikuja, barabara itaikamata tumbo."

"Barabara nitaiendesha pole pole," baba akajibu. "Mama watoto siwezi kumlazimisha."

Akachagua zile springi nyembamba. Kazi ilichukua siku mbili, nasi tukalala kwa shangazi yangu aliyeolewa huko Sop Sop.

Tuliporudi, mama alitoka nje akishika ukuta. Gari lilikuwa limechuchumaa uani, watoto wa jirani wakilicheka. Mama aliligeuzia mgongo, akajishusha taratibu mpaka akakalia kiti, kisha akaushika mguu mmoja kwa mikono akauingiza, halafu wa pili. Akafunga mlango mwenyewe. Kupitia kioo nilimwona anacheka, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Tukampeleka hospitali Ijumaa hiyo na nyingine nne baada yake, na kila mara alishuka mwenyewe mbele ya wauguzi, gomesi yake imenyooka.

Kisha mvua za masika zikaanza. Malori ya pamba yalichimba njia mbili za magurudumu na kuacha tuta katikati, na tuta hilo ndilo lililokuwa likikwaruza tumbo la gari letu. Baba akawa anasafiri na jembe. Siku za Ijumaa mimi na yeye tulitangulia mbele tukilima katikati ya barabara ya serikali, mama ameketi garini akitusubiri, mvua ikipiga paa. Samaki walichelewa, wakaanza kunuka, na wale wa reli wakapata mtu mwingine wa kuwaletea. Baba hakumwambia mama. Aliendelea kutoka asubuhi na kurudi jioni ili asijue.

Siku ile haikuwa Ijumaa. Mama aliamka na homa iliyomfanya atetemeke hata meno yakagongana. Hata hivyo aliingia garini mwenyewe. Tulipita Sikuda, tukapita kinamasi, na tulipoanza kupanda ng'ambo yake tukasikia chuma kikipasuka chini ya miguu yetu. Jiwe lilikuwa limefichwa na tope. Bakuli la oili chini ya injini lilichanika, oili yote ikamwagika, na gari likazimika. Baba alilala topeni akachungulia, akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tulingoja asubuhi nzima. Hatimaye likaja lori la pamba, juu sana, na vibarua wanne wamekaa juu ya magunia. Wakasema watampeleka, lakini lazima abebwe. Baba alimtazama mama na hakuweza kumwomba. Mama ndiye aliyesema, "Haya." Akainua mikono yake juu, kama mtoto anayetaka kubebwa, na wale wanaume wakampandisha. Hakuna aliyecheka.

Alifariki hospitalini siku ya tatu. Daktari alisema homa ilikuwa imeingia kwenye damu, na kwamba angeletwa mapema, labda angepona. Neno hilo, "labda", baba alirudi nalo nyumbani.

Gari halikurudi. Lilibaki kando ya barabara, watu wakalichukua kidogo kidogo, milango, viti, mwishowe hata springi, ambazo mhunzi mmoja alizifua visu. Baba alinunua baiskeli na kulima mihogo. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nimeolewa na nimekuja kumtembelea, alinikuta nikipepeta nafaka ya wimbi. Akaniuliza, "Lile gari ningeliacha juu, mama yako angeishi?" Niliendelea kupepeta kama sikusikia. Hakuuliza tena, na sasa naye hayupo.

Uwanja wetu umekuwa shamba la mtu mwingine, na lile banda la fundi sikulipata nilipolitafuta. Barabara ya Tororo ni lami sasa. Gari la chini kiasi chochote lingemfikisha hospitali kabla chai ya asubuhi haijapoa. Mama sina picha yake hata moja, na sauti yake imenitoka. Swali la baba bado ninalo, na sioni wa kumpelekea jibu, hata kama ningelipata.