Sista Vilevile na Jicho la Seremala

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba iliyonukia mbao na gundi, mtoto wa seremala na mshona nguo, mwaka uleule baba yake alipoanza kujigonga bega kwenye fremu ya mlango alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Nyumbani walicheka. Baba naye alicheka, akasema mlango umenenepa. Hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ugonjwa unaomwibia mtu uwezo wa kuona kuanzia pembeni, bila kumuuma, hadi siku anagundua amebakiwa na tundu dogo la kuchungulia. Binti alipofikia umri wa kwenda shule, ndiye aliyemshika baba mkono kumpeleka karakanani, kanisani, na hatimaye kwa daktari. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akasema kwamba wangekuja mapema pangekuwa na la kufanya. Neno hilo "mapema" lilimwingia mtoto hadi kwenye mifupa, na hapo ndipo Mungu alipomwita.

Alipotimiza miaka kumi na tisa aliingia utawani, na baada ya nadhiri wakubwa wake walimpeleka kusomea uuguzi. Wao walimtaka aende wodi ya wazazi. Yeye aliomba macho, akaomba tena, akaomba hadi mama mkuu akasalimu amri. Hebu wazieni furaha yake siku alipopima presha ya jicho kwa mara ya kwanza na kuikamata kabla haijaharibu kitu! Alitoka chumba cha kupimia mbiombio, shela ikipepea, akamsimulia kila aliyekutana naye koridoni, akiwemo fundi bomba. Na kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, alijipima na yeye, akajikuta nao. Hakulia. Alianza matone siku hiyohiyo, na hakuyaacha maisha yake yote.

Kila Jumapili baada ya matangazo alipewa dakika chache za kusema na waamini, na tukiri kwamba hakuwahi kuziheshimu, maana akishaanza alikuwa hashikiki. Aliwafundisha kwamba glakoma haiponi, lakini inafungika kamba: kwa wengine matone ya kila siku yanatosha, wengine hupigwa leza, mwanga unaoelekezwa ndani ya jicho ili maji yake yapate kutoka vizuri, na wengine hupasuliwa ili maji hayo yafunguliwe njia mpya. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema, tunalinda kilichobaki. Watu walimpenda, na tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, walimpenda kupita kiasi. Walianza kunong'ona kwamba mkono wake una uponyaji. Yeye aliposikia alifoka, kwa sababu mtumishi huyu wa Mungu alikuwa na hasira za karibu.

Jaribu kubwa lilimkuta nyumbani kwa kaka yake mkubwa, aliyerithi karakana ya baba na, kama ilivyodhihirika alipopimwa, macho ya baba pia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa bado zima ila presha ilikuwa juu, na Sista alimpa chupa ya matone kwa mkono wake mwenyewe. Alipokwenda kuwasalimu miezi kadhaa baadaye, aliikuta ile chupa kwenye meza ya sala, kati ya msalaba na mshumaa, imevikwa kitambaa cha kufuma, imejaa vilevile ilivyotoka dukani. Wifi yake alimweleza kwa fahari kwamba kila jioni mume wake huigusa, hufanya ishara ya msalaba, kisha huenda kulala kwa amani. Sista aliivua chupa kitambaa chake, akamgeukia kaka yake.

"Kaka," alisema, "ulimwomba Mungu, naye akakujibu. Jibu limo humu, na hujalifungua."

Waliifungua papo hapo, lakini muda ulikuwa umeshaliwa. Matone yalishusha presha kidogo, leza ikaishusha kidogo tena, kisha ikapanda. Daktari bingwa akasema sasa kimebaki kisu. Kaka alitaka kujua kama akipasuliwa ataona vizuri zaidi, na daktari, mtu mkweli, akamwambia hapana.

"Kwa hiyo nikatwe jicho ili nibaki hivihivi?" aliuliza kaka, akachukua kofia yake, akarudi kazini. Dada yake alipomfuata, kaka alimwambia kwamba hamwamini daktari, anamwamini yeye. "Wewe niambie tu kwamba nitaona. Ukisema wewe, kesho niko kitandani."

Hapo ndipo shetani alipomkalia Sista kooni. Neno moja tu la uongo, na jicho la kaka lingeokoka! Aliomba siku ya kufikiri, akaimaliza kanisani akiwa amepiga magoti. Alisimama karakanani katikati ya maranda na kumwambia kaka yake kwamba hataona zaidi, si kesho, si kamwe. Kisha akamwomba amtajie anachokiona kwa lile jicho moja. Kaka alidhani ni mzaha. Akataja randa, mistari ya ubao, penseli, mkewe aliyejifanya anafagia mlangoni. Mwisho akautaja uso wa mdogo wake, umelowa machozi.

"Hiyo ndiyo hivihivi yako," Sista alisema. "Baba aliililia mpaka tukamzika. Mimi nakuomba uitunze."

Kaka aliweka randa chini, akauliza hospitali watu huenda na nguo gani.

Bandeji ilipotolewa, kaka aliona ukungu mtupu. Daktari alisema ni kawaida, wasubiri, lakini Sista hakula vizuri majuma yote yale, na wifi yake hakusema naye. Kisha asubuhi moja, kaka akiwa ameketi mbele ya ubao wa herufi kliniki, ukungu ukiwa umekwisha, alisoma hadi mstari uleule aliofikia kabla ya kisu, akaruka kutoka kitini kama kijana. "Vilevile! Naona vilevile!" Benchi zima la wagonjwa lilipiga makofi bila kujua linashangilia nini, na wifi akamkumbatia Sista akilia kwa sauti. Tangu hapo hakuna aliyemwita Sista kwa jina lake la utawani. Na hadi leo kliniki ile, mgonjwa anayetoka kupimwa bila kupoteza kitu hulitamka neno hilo mlangoni, na walioketi humpigia makofi.

Sista alifariki akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya mwisho, saa ya matone ilipofika, sista aliyemuuguza alisita, akiona hayana faida tena. Mgonjwa akalivuta kope lake kwa kidole.

"Weka," alisema. "Nataka nimwone anayekuja kunichukua."

Jeneza lake alilitengeneza kaka yake, mzee sana sasa, aliyewafukuza mafundi vijana karakanani na kuinua kila ubao hadi usawa wa jicho la kulia kuona kama umenyooka. Wapo wanaosimulia maajabu mengine, na Kanisa litayapima kwa wakati wake. Sisi tunalishuhudia hili tuliloliona, na linatutosha kushangilia. Anayetaka kumheshimu Sista Vilevile asianze na mshumaa. Awachukue ndugu zake wa tumbo moja, wabishi kwanza, aende nao wakapimwe macho juma hili, wakati bado wanaiona njia.