Taimauti Mbili Zilizobaki

Uwanja wetu wa mpira wa kikapu, kule Temeke, ulikuwa na ringi mbili zisizo na wavu. Mpira ukipita hapo huwezi kuapa kama umeingia au umekosa. Ilibidi usikilize chuma. Kikilia kifupi, pointi mbili. Kikilia kirefu, kama sufuria iliyoanguka, umekosa. Niliweza kufuatilia mechi nzima nikiwa jikoni kwetu, nyumba ya tatu kutoka uwanjani, huku nikimsaidia mama kuopoa vitumbua kwenye mafuta. Mama ndiye aliyenifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili, kwanza kwa jicho, halafu kwa kidole, maana jicho, alisema, lina njaa zake. Hadi leo nahesabu ngazi ninazopanda, na nikienda msibani nahesabu viti. Msimu ninaoukumbuka ni kipupwe cha mwaka niliokuwa darasa la saba, jua likizama mapema kama mtu aliyekumbuka ghafla kuwa ana safari. Nguzo za magoli zilikuwa zimevishwa matairi chakavu ili mtu akizigonga asiumie. Wiki moja kabla ya fainali, tairi la nguzo ya kaskazini likatoweka. Tulicheka, tukasema kuna mtu mtaani kapata viatu vipya vya katambuga. Nguzo ikabaki chuma kitupu, na usawa wa goti ilichomoza nati moja nene kama kidole cha mtu anayekuonya. Kocha akasema tairi jingine litaletwa kesho. Nilizihesabu kesho hizo. Zilifika sita.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Kondo, mtu mpole aliyevaa miwani yenye mkono mmoja, ule mwingine ukiwa ni uzi wa kushonea magunia. Alikuwa na imani moja tu kuhusu mchezo, nayo ilihusu taimauti, ile dakika moja ambayo kocha anaruhusiwa kuomba mchezo usimame. Makocha wengine waliziomba hovyo mechi inapokaribia kuisha. Mwalimu Kondo alizibana kama bibi anavyobana ufunguo wa kabati. "Akiba haiozi," alituambia. "Na ukiwa unaongoza, ya nini kumwamsha aliyelala? Ukimwamsha, utalala wewe." Sheria ilimpa kocha peke yake haki ya kuomba, kwa hiyo akatuwekea ishara: mchezaji aliyezidiwa, mwenye maumivu au kizunguzungu, ashike sikio, naye ataomba hata kama roho inamuuma. Tatizo ni kwamba kwa miwani ile hakuona zaidi ya mstari wa katikati. "Kapteni," aliniambia mbele ya timu yote, "wewe ndo macho yangu." Kapteni nilikuwa mimi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mchezaji wetu bora hakuwa mimi. Alikuwa Siwema, rafiki yangu wa tangu chekechea, mrefu, mwenye mikono ambayo mpira uliitii kuliko mbwa anavyomtii mwenyewe. Siwema alikuwa na kasoro moja ambayo timu nzima tuliijua na tuliifanyia utani: jua likianza kuzama, macho yake yalizama nalo. Tulimwita Kuku. Mazoezi yakichelewa kidogo tu, mtu atapiga kelele, "Jamani, Kuku kashaanza kutafuta banda!" naye hujibu bila kugeuka, "Na wewe kifaranga usiye na mama, nifuate." Basi msimu ule akaja mwalimu wa kike kutoka shule moja ya sekondari ya Mbezi Beach, shule ya bweni yenye uwanja wa ndani. Alisema wazi: atawachukua wasichana wawili kutoka timu itakayoshinda fainali, wasome bure mpaka kidato cha nne, na kesho yake alfajiri anasafiri kwenda mikoani kutafuta wengine. Wawili. Nilihesabu kwa jicho, nikahesabu kwa kidole. Siwema wa kwanza, mimi wa pili. Kwetu tulikuwa watoto saba, na baba alishatamka kwamba mimi nikimaliza la saba nitamsaidia mama vitumbua.

Fainali ilipangwa saa tisa alasiri. Mgeni rasmi akafika saa kumi na nusu, akahutubia, akakumbuka jambo jingine, akahutubia tena. Mpira wa kwanza ulirushwa jua likiwa tayari limeegemea mapaa ya mabati. Uwanja haukuwa na taa, na refa alikuwa na kipimo chake kilichojulikana na kila mtu: anasimama kwenye nguzo moja, mchezaji anasimama kwenye nguzo ya pili, na akishindwa kusoma namba ya mgongoni, mechi inavunjwa, inarudiwa kesho kuanzia sifuri. Kesho, yaani mwalimu wa Mbezi akiwa ndani ya basi. Dakika za mwisho tulikuwa tunaongoza thelathini na moja kwa ishirini na nane. Wapinzani wetu, wasichana wa Kinondoni, walikuwa na kocha asiye mjinga. Aliziomba taimauti zake moja baada ya nyingine, na si kwa ajili ya mbinu. Aliomba giza. Wasichana wake walitembea kama bibi harusi, wakafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa. Mimi nimekulia sokoni, najua mtu anayevuta muda ili bei ianguke. Kila walipokaa benchi, mwanga ulipungua, na kivuli cha nguzo ya kaskazini kikatambaa uwanjani mpaka kikapotea, maana uwanja wote ulishakuwa kivuli.

Taimauti zao zikaisha. Sie tulibaki nazo mbili. Nilizihesabu mezani kwa karani, nikazihesabu tena. Refa akapima kwa mara ya mwisho. Alikaza macho kwa muda mrefu mno, halafu akasema, "Saba... ni saba," kwa sauti ya mtu anayebahatisha. Msikitini spika ilikohoa, muadhini akijaribu kipaza sauti. Mpira ulikuwa umetoka nje, zamu yetu kuurusha, nami nikasimama mstarini karibu na Mwalimu Kondo. Akainama, akaniuliza taratibu, "Kapteni, kuna anayeshika sikio?" Niliangalia. Kule kaskazini, karibu na goli, nilikiona kitambaa cheupe cha kichwani cha Siwema, na mkono wake ulikuwa sikioni. Haukuwa umepita tu. Ulikuwa umeng'ang'ania. Dakika moja ya kusimama, na refa asingesoma tena namba ya mtu yeyote. Nilipiga hesabu haraka kuliko nilivyowahi kupiga maishani, na kwa mara ya kwanza sikuirudia. "Hakuna, Mwalimu," nikasema.

Nikarusha mpira mrefu kuelekea kile kitambaa cheupe. Siwema hakuuona, ulimgonga kifuani, lakini mikono yake, kama kawaida, ikaufahamu bila macho. Aliudundisha mara moja, mara mbili, akaruka. Chuma kililia kifupi. Pointi mbili. Kisha nikasikia sauti ya pili, ambayo haikuwa ya ringi, na adhana ilipoanza ilisikika kama inamwita yeye tu. Nati ile ilikuwa imeingia gotini. Tulimpakia kwenye pikapu ya mgeni rasmi, ambaye safari hii hakuchelewa. Karani alishatangaza kuwa muda umekwisha: thelathini na tatu kwa ishirini na nane. Tulishinda. Yule mwalimu wa Mbezi aliandika majina mawili kwenye daftari lake, langu na la msichana mwingine aliyekaa benchi karibu mechi nzima.

Nilikwenda kumwona Siwema wodini, mguu wake ukiwa umening'inizwa kwa kamba. Aliniuliza jambo moja. "Nilishika sikio, shoga. Hukuniona?" Ningeweza kusema sikumwona, giza lilikuwa shahidi wangu. Badala yake nikasema, "Nilikuona. Ila zilikuwa zimeisha." Akaitikia kwa kichwa, akaniamini palepale. Kwa nini asiamini? Mtaa mzima ulijua nahesabu mara mbili.

Leo uwanja ule una taa za sola, na nguzo zote mbili zimevishwa vipande vya godoro ambavyo mimi mwenyewe navikagua kila Jumamosi ninapofundisha wasichana wa mtaa. Siwema ni fundi cherehani. Jezi zetu anazishona yeye, na hukaa benchi pembeni yangu, mguu mmoja ukiwa umenyooka mbele kama mwiko, maana haukunjiki. Binti yake Nasra anacheza namba niliyokuwa nacheza mimi. Mimi ni kocha ninayechekwa. Tukiwa tunaongoza kwa pointi moja, mpira mkononi, wapinzani wamechoka, mtoto mmoja akigusa sikio tu, naomba taimauti. Wazazi wanaguna: "Kocha huyu anaua mechi yake mwenyewe!" Mara nyingi wana haki. Jumamosi iliyopita Nasra aligusa sikio zikiwa zimebaki sekunde kumi, nikakimbilia mezani, mchezo ukasimama, wapinzani wakapata pumzi na akili, wakatufunga. Kumbe mtoto alikuwa anarekebisha hereni.

Siwema alicheka mpaka akashika goti. Kisha akanipigapiga mgongoni, akasema, "Waache waseme. Bora nyie mnazo. Za kwetu siku ile si zilikuwa zimeisha?" Akanitazama, akisubiri niitikie, kama mtu anavyosubiri mwenzake amalizie wimbo wanaoujua wote wawili. Nikainama kukusanya chupa za maji. Zilikuwa kumi na moja. Mwalimu Kondo alisema kweli, akiba haiozi. Nimezihesabu taimauti zile kwa jicho, na sasa hivi, ninapoandika, nimezihesabu tena kwa kidole. Bado ni mbili.