Skrubu Mbili za Deki ya Dada Nabwire

Kama ningerudishiwa siku moja tu ya ujana wangu, mwanangu, nisingechagua siku ya harusi yangu. Ningechagua Alhamisi moja asubuhi pale Burumba, mjini Busia, dada yangu Nabwire alipoweka deki yake juu ya meza yangu na kuniuliza kama itapona kabla ya Jumamosi. Nilimwambia itapona. Hapo ndipo ningesema hapana.

Ninyi wa siku hizi mnatazama kila kitu kwenye simu, kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze. Wakati huo Busia nzima ilikuwa imeshikwa na deki za CD. Zilivuka mpaka zikiwa zimefungwa kwa blanketi juu ya baiskeli za bodaboda, na zilipoharibika zilikuja kwetu. Kibanda chetu cha ufundi kilikuwa cha Mzee Ekirapa, Mteso wa upande wa Malaba, mtu mrefu aliyesema polepole na kupuliza vumbi kabla ya kugusa chochote. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya hiki na kile, halafu nikakaa kwake kujifunza ufundi. Kufikia siku ninayokusimulia, nilikuwa nimeshaanza kujiona namzidi.

Bado naikumbuka harufu ya kile kibanda, risasi ya kuchomelea na spiriti ya kusafishia lenzi. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza, Mzee Ekirapa alipenda kuacha deki wazi bila kifuniko ili nione inavyofanya kazi. Alinifundisha kwamba lenzi haikai imetulia. Imening'inizwa kwa nyaya nyembamba kama nywele, na CD inapozunguka juu yake huyumba, kwa sababu hakuna CD iliyonyooka kabisa. Basi lenzi hupanda na kushuka kuifuata, na husogea kando kidogo kidogo isipoteze mstari ulioandikwa. Kila ikikosea kidogo, mashine inajua, inairudisha.

"Hii haioni, Wandera," alikuwa akiniambia. "Hii inatafuta. Kila dakika inatafuta."

Na ikishindwa? Ikishindwa, lenzi hupanda na kushuka mara moja, mara mbili, mara tatu. Isipopata kitu, deki huzima mwanga wake, husimamisha mota na kuandika NO DISC, yaani hakuna CD. Wateja waliyachukia maneno hayo. Mzee Ekirapa aliyapenda. Alisema ni deki yenye adabu hiyo, imejaribu, imeshindwa, imesema, na haijaumiza CD ya mtu.

Sasa turudi kwa Nabwire. Yeye ndiye mkubwa wetu, mimi wa pili, na Ouma kitinda mimba. Ouma alipofunga ndoa kule kwetu Khunyangu, mimi sikwenda. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu pale mpakani, madereva wamekwama kwa siku kadhaa na redio zao zimekufa, nami nikaona hiyo ni kazi isiyofaa kuachwa. Nikajiambia harusi inapigwa video, nitaitazama. Mama alisimama siku hiyo akasema na kila mtoto wake kwa zamu. Nabwire aliniambia mara nyingi, "Njoo nyumbani uone, kuna mahali mama anakuita jina." Nilikuwa nikijibu kwamba nitakuja Jumapili. Jumapili zikapita nyingi. Mama akafariki, na mimi bado sijaitazama.

Jumamosi hiyo ilikuwa misa ya kumbukumbu yake, mwaka mmoja tangu tumzike.

"Ndugu yangu, usiniangushe," Nabwire alisema, akiitoa ile CD ndani ya kitambaa. "Nimeshaambia mashangazi wote kwamba mama ataongea."

Niliiweka ndani. Deki ikatafuta mara tatu, ikaandika NO DISC. Mama mmoja wa upande wa Uganda, aliyekuwa akingoja redio yake, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Banange, jamani! Ssebo, bwana fundi, hiyo imekukataa. Imekuandikia kabisa, hata haya haina!"

Watu wote pale wakacheka. Mzee Ekirapa akainua CD kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza. Akaniambia imepinda kwa jua, yaonekana ilikaa dirishani. Tena lenzi ya deki ni nzee, mwanga wake umefifia. Lenzi mpya ingetoka Kampala Jumatatu. Kisha akamgeukia Nabwire na kusema kwa upole, "Dada, kwangu nyumbani iko deki nzima, lenzi yake haina hata mwaka. Wandera ataenda kuichukua. Tumia Jumamosi, urudishe ukitaka."

Mwanangu, shida ilikuwa imeisha. Sikuhitaji kufanya lolote ila kupanda baiskeli. Lakini nilimwona yule mama wa redio akinitazama, nikafikiria ndugu zangu chini ya tenti wakiuliza deki ni ya nani, na Nabwire akiwajibu kwamba ni ya mzee wa Wandera, kwa sababu Wandera alishindwa kutengeneza.

"Hakuna haja, Mzee," nikasema. "Hii naiweza."

Alinitazama, halafu akatoka kwenda kunywa chai.

Ndani ya deki za aina ile kulikuwa na skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mtama. Moja iliongeza mwanga wa lenzi. Nyingine iliongeza ukali wake, yaani jinsi lenzi inavyorukia kosa na kulirekebisha. Kila fundi alizijua, na kila fundi mvivu alizipenda, kwa sababu ukizizungusha kidogo deki mgonjwa huamka kama mzima. Anaamka kwa wiki, pengine kwa siku mbili. Nilichukua bisibisi nikazungusha ya kwanza robo mzunguko. Nikazungusha na ya pili.

Deki ikasoma.

Kwaya ikaimba pale pale mezani, bibi harusi akaonekana kwenye televisheni ndogo ya kibanda akishuka garini, na Nabwire akafunika uso kwa leso akalia. Yule mama wa redio akapiga makofi, akaniita daktari. Nilijisikia mrefu, mwanangu. Sitakudanganya.

"Ngoja basi ufike pale mama anaongea," Nabwire akasema. "Usikie mwenyewe."

Nikamwambia nitaona Jumamosi pamoja na wengine, wateja wananingoja. Ukweli nilioficha ni kwamba niliogopa. Lenzi ilikuwa inavuma. Ilikuwa sauti nyembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye mkebe, nami nilijua maana yake. Nikaizima haraka kabla haijanivua nguo mbele ya watu.

Mzee Ekirapa alirudi nikiwa naijaribu mara ya mwisho, Nabwire amekwenda sokoni. Hata hakukaa chini.

"Hiyo inalia."

"Inacheza, Mzee."

"Inacheza na inalia. Umeifanya iwe na hasira. Ikikutana na pale CD imepinda itaruka kupita kiasi, itagonga. Rudisha hizo skrubu."

"Mzee, mwenyewe ameiona ikicheza, amefurahi. Unataka nini tena?"

Akapuliza vumbi juu ya meza yake, ingawa halikuwepo. "Mimi sitaki kitu," akasema. "Mama si wangu."

Jumamosi niliifunga deki kifuani, nikapanda bodaboda mpaka Khunyangu, nikimwambia dereva wa baiskeli akwepe mashimo. Misa ilisomwa, watu wakala. Ouma akawasha jenereta. Tukaweka televisheni juu ya meza chini ya tenti, mashangazi mbele, watoto wamekaa chini kwenye nyasi. Video ikaanza vizuri. Watu walimcheka mjomba mmoja aliyekuwa akicheza ngoma huku kiatu kimemvuka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya deki, mkono juu yake, nikihisi yule nyuki akivuma ndani.

Kisha mama akasimama. Alikuwa na kile kitambaa chake cha kijani. Akashika maikrofoni kama anayeshika kuku asije akamponyoka, akaipuliza mara mbili.

"Mnanisikia?" akauliza.

"Tunakusikia!" tenti nzima ikamjibu. Shangazi mmoja akaanza kulia.

Akaanza na Nabwire. Akamshukuru kwa kubeba wadogo zake mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Nabwire alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anatikisa kichwa tu. Halafu mama akageuka, akatafuta mtu kwa macho, akatabasamu.

"Sasa Wandera. Najua hayuko hapa..."

Mkwaruzo ukasikika ndani ya deki kama kisu juu ya sahani. Uso wa mama ukakatika vipande vya mraba, mdomo ukabaki wazi. Nilibonyeza kuzima, lakini nilichelewa. Mashine ilijaribu yenyewe, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha ikaandika yale maneno yake.

"Kwani amemaliza?" shangazi aliyekuwa akilia akauliza.

Nilibonyeza deki ifunguke.

Nilipoitoa CD, niliona duara juu yake, jeupe, safi, kama limechorwa kwa bikari. Mkwaruzo unaokata CD kwa upana haudhuru sana, kwa maana lenzi huuruka na mashine hujaza pengo kwa kilicho kabla na baada. Lakini mkwaruzo wa duara unafuata mstari wenyewe, unakula maneno yote yaliyoandikwa hapo. Nilijaribu kuusugua kwa dawa ya meno. Nilijaribu deki saba tofauti. Mzee Ekirapa mwenyewe aliijaribu kwenye ile deki yake ya nyumbani, na hakunikumbusha neno lolote, jambo lililoniuma kuliko matusi. Kila mara ilikuwa vile vile. Mama anasema, "Najua hayuko hapa," halafu ghafla watu wanakula wali.

Tulimwendea mpiga picha, maana nakala ilikuwa hiyo moja tu. Alikuwa amerekodi harusi nyingine juu ya kanda ile ile aliyotolea CD yetu.

Miezi baadaye nilipata moyo wa kumwuliza Nabwire mama alisema nini.

"Yalikuwa maneno mengi," akasema. "Lakini mimi siku ile nilikuwa nahangaika na sufuria, na nyumbani kila nikiitazama, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja tuisikie vizuri. Nakumbuka alicheka katikati. Nilijua iko kwenye CD, Wandera. Sikuyashika kichwani."

Ouma naye alisema alikuwa akitoka jasho ndani ya suti, hakusikia kitu.

Sasa sikiliza ninalokuambia, wewe unayetengeneza simu, unayeshona, unayeendesha pikipiki, unayetibu watu. Ukifika mwisho wa uwezo wako, sema. Sema mapema, sema mbele ya wanaokucheka, maana kicheko chao kitaisha kabla ya chai kupoa. Ukipewa msaada na anayejua kuliko wewe, upokee hata kama unakushusha. Kazi ikilia mikononi mwako, usiizime ili watu wasisikie, ifungue. Na usiyaweke akiba maneno ya mzazi wako kwa ajili ya Jumapili fulani. Kama yuko hai, nenda leo ukakae karibu naye.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioona haya kusema "sijui". Akujalie wa kukuonya, na akulainishe moyo umsikie. Wazazi wako wakuite kwa jina, nawe uwe karibu kuitika.

Mimi nilizungusha skrubu mbili, robo mzunguko kila moja. Mama yangu aliniachia maneno, na sitayajua kamwe.