Moto Haungoji Karibu

Leo nikimwagilia sukuma wiki za shule, mpira wa maji ulitoa ile harufu ya kuchomwa na jua, nikakumbuka tulivyopelekwa kwa wazimamoto hapa Voi, nikiwa shule ya nasari. Ili ushike mpira wao mkubwa, lazima kwanza upige kelele, "Moto!" Niliutaka sana mpira huo. Zamu yangu ilipofika nikanong'ona, "Hodi," vile nyumbani tulifunzwa kuita watu. Wenzangu wakacheka. Mzimamoto mmoja, mama wa buti kubwa, akachuchumaa, akaniambia:

"Mami, moto haungoji karibu. Mimi nimelala, niamshe."

Akafumba macho, akakoroma. Nikapiga kelele mpaka mwalimu akashtuka. Nikapewa mpira.

Kesho nasoma habari mbele ya shule nzima. Nimezisomea sukuma kwanza, na mpishi akatoa kichwa jikoni: "Nani huyo anapiga kelele?"